Canon 600D ya 2011 au 2000D ya 2018? Soma hapa kabla hujatoa hela



Leo naomba tuongee kamera. Hapa Kigwa na kwa washkaji wa Tabora mjini swali ni lile lile kila msimu: "Nina hela ya kamera moja tu. Nichukue 600D iliyotumika au 2000D ambayo ni mpya zaidi?" Nimelijibu mara nyingi kwa mdomo mpaka nimeona bora niliandike mara moja, likae hapa, kila atakayeuliza nimtumie linki.

Mimi ni kijana tu niliyemaliza sekondari, sina studio wala duka. Kazi napiga kwa kamera za kukodi: harusi, mahafali, kipaimara, kwaya, paspoti za wanafunzi. Hizi kamera zote mbili nimezishika kazini, na sasa natafuta ya kwangu mwenyewe. Kwa hiyo haya sio maneno ya kunakili kwenye boksi.

Na tusichukulie poa. Kwa kijana wa huku hela ya kamera ni hela ya msimu mzima wa tumbaku, au ya asali yote aliyorina. Ukinunua isiyofaa hairudi mpaka msimu mwingine, na harusi zinaanza bila wewe.

JIBU FUPI (kwa mwenye dakika kumi za kafe)

Usiangalie mwaka peke yake, angalia DARAJA la kamera. 600D ni ya zamani lakini ilitengenezwa kama kamera ya daraja la juu kidogo. 2000D ni ya juzi lakini imetengenezwa kama kamera ya bei ya chini. Ndiyo maana mpya imekosa vitu vinne ambavyo ya zamani inavyo. Kama kazi yako inavihitaji, umri usikutishe. Kama haivihitaji, chukua mpya ulale usingizi. Sasa twende taratibu.

NAMBA ZA CANON ZINASOMWAJE

Hapa ndipo wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Mtu anaona 2000 ni kubwa kuliko 600 anadhani amepanda cheo. Kwenye kamera za Canon zenye kioo ndani ni kinyume: kadiri tarakimu zinavyokuwa chache, ndivyo daraja linavyopanda.

- Tarakimu moja (5D, 6D, 7D): za wakubwa, wanaoishi kwa picha.
- Tarakimu mbili (60D, 70D, 80D, 90D): za kati.
- Tarakimu tatu (600D, 700D, 800D): za anayeanza ila anataka vitu vyake viwepo.
- Tarakimu nne (1100D, 1300D, 2000D, 4000D): za bei nafuu kabisa.

Sasa cheki ukoo. Februari 2011 Canon walitangaza kamera mbili pamoja: 600D na ndogo yake 1100D. Watoto wa 600D wakawa 650D (2012), 700D (2013), 750D (2015), 800D (2017) na 850D (2020). Watoto wa 1100D wakawa 1200D (2014), 1300D (2016), halafu 2000D (2018). Kwa hiyo 2000D sio mtoto wa 600D, ni mtoto wa mdogo wake. Ukiwalinganisha unalinganisha shangazi mwenye uwezo na mpwa anayebana matumizi.

Na jina linabadilika kulingana na kamera ilikotoka. 600D ya Marekani imeandikwa Rebel T3i, ya Japani imeandikwa Kiss X5. 2000D utaikuta pia kama 1500D au Rebel T7. Usije ukakataa kamera nzuri kwa sababu ya jina! Ila ukikutana na Kiss fungua menyu kwanza uone lugha, maana kamera zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazina lugha nyingi.

ZINAFANANA WAPI

Sehemu kubwa. Zote zina sensa ya ukubwa ule ule, alama 9 za kushika fokasi, ISO 100 mpaka 6400, video ya Full HD, kadi za SD, na zinatumia lenzi zile zile za EF na EF-S. Picha ya mchana, nje, chini ya mwembe, ukiziweka mbili pembeni kwa pembeni mteja hatajua ipi imetoka wapi. Kwa hiyo anayekwambia "600D imepitwa haipigi picha nzuri" anakutisha bure.

2000D INASHINDA WAPI

Haki yake tumpe.

1. Umri. Ukiikuta mpya kwenye boksi una risiti na garantii, na shata haijaguswa. 600D yoyote utakayoikuta leo imeshapita mikononi mwa watu, na hujui walikuwa watu gani.

2. Megapikseli 24 dhidi ya 18. Nitazieleza huko chini, usishangilie bado.

3. Waifai. Unatuma picha kwenye simu hapo hapo. Bibi harusi hajakaa vizuri kitini, picha iko kwenye status. Kwa 600D utahitaji kisomakadi cha OTG, kile kidogo cha kuchomeka kwenye simu. Kinafanya kazi, ila ni lazima utoe kadi kwenye kamera.

4. Betri. Kwa vipimo vya kiwandani 2000D inapiga kama picha 500 kwa chaji moja, 600D kama 440. Sio tofauti ya kutisha. Ukiwa kijijini na sola ya jirani beba betri mbili kwa kamera yoyote ile. Kumbuka tu kwamba haziingiliani: 600D inatumia LP-E8, 2000D inatumia LP-E10.

5. Uzito. Gramu 475 dhidi ya 570, ikiwa na betri ndani. Sisi ni wajukuu wa wapagazi wa Kinyamwezi waliopita njia hii ya misafara na mizigo ya kama kilo 30. Gramu 95 zisituangushe!

600D INASHINDA WAPI

Hapa ndipo penye mzozo. Vitu vinne, na vyote vinagusa kazi za huku kwetu.

Cha kwanza: FLASHI. Hiki ndicho kikubwa kuliko vyote na ndicho wauzaji wengi hawakitaji. Angalia juu ya kamera, pale unapochomeka flashi. Kwa miaka mingi karibu kila kamera ilikuwa na kidoti cha chuma katikati, na kidoti hicho ndicho kinachoiambia flashi "waka". Flashi yoyote ya bei rahisi ilikuwa inaelewa. Kwenye 2000D Canon waliondoa kile kidoti cha katikati! Vimebaki vidoti vidogo vya pembeni tu, vinavyoongea na flashi za Canon au zilizotengenezwa mahsusi kwa ajili ya Canon.

Maana yake nini mtaani? Flashi kama Yongnuo YN560, ambayo vijana wengi tunaanza nayo kwa sababu ni nafuu na ina nguvu, inategemea kile kidoti. Ukiichomeka juu ya 600D inawaka. Ukiichomeka juu ya 2000D inakaa kimya. Sio mbovu, haijaambiwa tu. Kuna njia ya kuzunguka: flashi hiyo ina modi ya kuwaka ikiona mwanga wa flashi nyingine, kwa hiyo unaiweka pembeni kwenye stendi, unaiweka S2, halafu kiflashi kidogo cha kamera ndicho kinaiamsha. Ndani ya chumba inasaidia. Lakini jaribu kuitegemea kwenye ukumbi wenye wapiga picha watatu na simu hamsini zinawaka...

Kwa hiyo unayetaka 2000D, kwenye bajeti yako weka flashi inayoelewana na Canon moja kwa moja, yaani ile ya kujipima mwanga yenyewe. Zipo hata za Godox, ila hakikisha imeandikwa ni ya Canon, na ijaribie juu ya kamera yenyewe kabla ya kulipa. Harusi nyingi za huku zinakwenda mpaka usiku, chini ya turubai, taa mbili tatu. Bila flashi huna kazi.

Cha pili: TUNDU LA MAIKI. 600D ina tundu la maiki ya nje pembeni, 2000D haina. Kama unapiga picha za mgando tu, ruka hapa. Kama unataka kurekodi kwaya, mahubiri, ngoma au mahojiano, hili ni kubwa. Maiki ya ndani ya kamera inachukua upepo, jenereta, na vidole vyako mwenyewe. Kwa 2000D utarekodi sauti kwa simu pembeni halafu uje uzioanishe kwenye kompyuta. Inawezekana, ila ni kazi mara mbili.

Cha tatu: SKRINI INAYOGEUKA. Ya 600D inafunguka na kuzunguka, ya 2000D imegandishwa. Kwenye umati, bwana harusi anacheza na watu wamezunguka, unainua kamera juu ya vichwa huku unaona unachopiga. Na ukimaliza unaigeuza iangalie ndani, haichubuki.

Cha nne: VUMBI. Ukiwasha na kuzima 600D, inatikisa kikoo cha mbele ya sensa ili vumbi lidondoke. 2000D haina kitu hicho, usafi wake ni wa mikono. Wadau wa Kigwa mnajua Julai na Agosti barabara inakuwaje. Harusi zipo baada ya mavuno, na baada ya mavuno ndiyo kiangazi. Ukibadilisha lenzi nje, doa jeusi linakaa kwenye anga la kila picha mpaka ukasafishe. Na kusafisha sensa kwa kitambaa cha shati ni kuiua, USIJARIBU!

Kwa nini mpya iwe na pungufu? Hakuna uchawi. Kiwanda kinapunguza gharama ili bei ishuke, na pia kinataka anayehitaji zaidi apande daraja. Sio Canon peke yao. Nikon D3300 ya 2014 ilikuwa na tundu la maiki, D3400 iliyofuata mwaka 2016 hawakuliweka, na mtikisiko wa vumbi nao wakautoa. Kwa hiyo usijifunze kamera mbili tu, jifunze tabia: ukisikia "toleo jipya", uliza kwanza WAMEONDOA NINI.

NA 4000D JE?

Ilitangazwa pamoja na 2000D mwaka 2018, na iko chini yake. Megapikseli 18, skrini ndogo ya inchi 2.7 yenye nukta 230,000 tu (2000D ina 920,000), na pale lenzi inapofungwa ni plastiki badala ya chuma. Kidoti cha flashi nayo haina. Kama bei zimekaribiana na 2000D, usifikirie mara mbili, ongeza kidogo uchukue 2000D.

MEGAPIKSELI: TUPIGE HESABU

24 dhidi ya 18 inasikika kama tofauti kubwa. Tuangalie kwa karatasi. 18 ni picha ya nukta 5184 kwa 3456. 24 ni nukta 6000 kwa 4000. Ya pili ni pana kwa kama asilimia 16 tu.

Ukichapa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, 600D inakupa inchi 17 kwa 11 na nusu, yaani karibu A3 nzima. 2000D inakupa inchi 20 kwa 13. Sasa jiulize wateja wako wanachapa nini. Picha ya inchi 4 kwa 6, ile ya albamu, inahitaji megapikseli mbili na kidogo TU. Paspoti ndiyo hata usiseme. Na WhatsApp inaibana picha yako kabla haijafika kwa mteja. Megapikseli za ziada zinasaidia ukitaka kukata picha, kwa mfano umesimama mbali unataka uso mmoja. Zaidi ya hapo zinajaza kadi.

LENZI INASHINDA BODI

Wengi wanamaliza hela kwenye bodi halafu wanabaki na lenzi ya 18-55 milele. Kwanza, hata hiyo iangalie: kuna 2000D zinauzwa na lenzi ya 18-55 isiyo na herufi IS. IS ni kile kitu kinachotuliza mtikisiko wa mkono. Soma pete ya mbele ya lenzi kabla ya kulipa.

Pili, lenzi ya 50mm f/1.8. Lenzi ya boksi ukiivuta mwisho inafunguka f/5.6. Hii ya 50 inafunguka f/1.8, maana yake inaingiza mwanga karibu mara KUMI zaidi. Pale lenzi ya boksi inapotaka ISO 6400 na picha inakuwa na chenga kama mchele, ya 50 inataka kama 640 na picha inatoka safi. Hakuna tofauti ya 600D na 2000D inayofikia hiyo. Kwa hiyo kama 600D itakuachia chenji ya kununua 50mm, 600D yenye 50mm inaipiga 2000D yenye lenzi ya boksi kwenye ukumbi wowote wenye giza.

UKAGUZI WA MTUMBA

Hii chapisha ubebe.

1. Weka f/22, piga anga jeupe au ukuta mweupe bila fokasi. Madoa meusi ni vumbi la sensa. Machache yanasafishika. Mkwaruzo hausafishiki.
2. Shikilia lenzi kwenye mwanga utazame ndani. Ukiona utando kama wa buibui ni kuvu. Achana nayo.
3. Piga picha 30 mfululizo, kwa kasi ya chini na ya juu. Sikiliza shata. Picha yenye utepe mweusi upande mmoja ni shata inaaga.
4. Uliza idadi ya mipigo. Kamera za daraja hili huhesabiwa kuwa shata inadumu kama mara 100,000. Canon nyingi haziandiki idadi hiyo ndani ya faili la picha, inasomwa kwa waya wa USB na programu. Muuzaji akikwambia "imepiga elfu tano tu", muulize ameisomaje. Harusi moja ya picha 800, mara 40 kwa mwaka, ni 32,000. Piga hesabu yako.
5. Zungusha skrini ya 600D kila upande. Ikizimazima kwenye kona fulani, waya wa ndani umechoka.
6. Nenda na flashi, maiki na kadi yako. Jaribu vyote vitatu hapo hapo.
7. Dukani dai risiti ya EFD. Kwa mtu binafsi andikishianeni kwa mtendaji, namba ya kamera iwepo. Kamera ya wizi itakupeleka ndani wewe, sio aliyekuuzia.

VIPI KUHUSU SIMU, NA VIPI KUHUSU ZA KISASA?

Mdau atasema: siku hizi simu inatosha. Mchana, kwa status, ni kweli. Lakini usiku na flashi ya kweli, picha ya kundi la watu 60 ya kuchapwa kubwa, na mtu aliye mbali altareni, simu inaanza kutafuta visingizio. Na kusema ukweli, mteja halipi kwa simu ambayo hata yeye anayo.

Za kisasa ni zile zisizo na kioo ndani. Canon walianzisha mfumo wa EOS R mwaka 2018, na ya bei ya chini, R100, wakaitangaza 2023. Ni kamera nzuri na tundu la maiki inalo. Ila lenzi zake ni za RF, na zile za EF zilizojaa mtaani zinahitaji adapta, ambayo nayo ni hela. Mwenye mtaji mkubwa aende huko. Mwenye mtaji wa msimu mmoja, lenzi za EF zilizotumika bado ndizo rafiki yake.

UAMUZI

Chukua 2000D kama: kazi yako ni paspoti, mahafali ya mchana na picha za kutuma haraka, au hauna mtu wa kukusaidia kukagua mtumba, au muuzaji wa 600D hataki ujaribu. Hili la mwisho halina mjadala. Kamera ikikata katikati ya harusi, kwenye kata ndogo kama yetu habari inafika kwa kila mteja kabla hujarudi nyumbani. Ila bajeti ya flashi inayoelewana nayo iweke kabisa.

Chukua 600D kama: unapiga usiku, una flashi ya mkono au utaanza na hiyo, unarekodi kwaya na mahojiano, na umeikagua mambo yote saba. Na ukikuta 700D kwa bei ya kukaribiana chukua hiyo: daraja ni lile lile, betri ni ile ile, na umri ni mdogo kwa miaka miwili.

Mimi kwa kazi zangu nimeshaamua, natafuta 600D au 700D iliyo safi, na chenji inaingia kwenye 50mm. Nitasubiri hata miezi mitatu nipate yenye shata nzuri, kuliko kununua namba kubwa halafu flashi yangu ikae kimya juu yake.

Mwenye 2000D anayepiga harusi za usiku atuambie kwenye maoni anatumia flashi gani, tujifunze wote. Mwenye swali aulize, nikijua nitajibu.

Nawasilisha.